Mjomba wa Shimoni

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Masasi. Mhadhara wa wazi wa Jumuiya ya Mambo ya Kale. Mada: michoro ya mwambani. Mhadhiri: Mwalimu Veridiana. Mwezi uliopita Veridiana, mwezi wa kabla yake Veridiana. Amestaafu kufundisha historia lakini hajastaafu kusema. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Alionyesha picha, akaeleza rangi, halafu akasema wazi kwamba hajui waliochora walikuwa na maana gani. Wakampigia makofi! Wanampigia makofi mtu anayekiri hajui. Mimi najua mambo chungu nzima, na kazi yangu katika jumuiya hii ni kupanga viti.

Habari kubwa ilitolewa mwishoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Nikolao, alitangaza kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu anakuja mtaalamu wa akiolojia kutoka Dar es Salaam, Dokta Huruma. Kabla hajazungumza, wenyeji watapewa nafasi. Atakayeleta jambo jipya, la kwetu, lenye ushahidi wa kushikika, ndiye atakuwa mhadhiri wa kudumu wa jumuiya. Vichwa vyote vikamgeukia Veridiana. Hakuna hata kimoja kilichogeukia upande wa viti.

Nimerudi Newala nimevimba kwa hasira. Mke wangu Ziada, Mama Faidha, hakuuliza mhadhara ulikuwaje. Aliuliza kesho naanza saa ngapi kuchimba kisima.

Jumapili, 10 Novemba

Nimechimba. Kisima cha kuvunia maji ya mvua, ubavuni mwa nyumba, chini ya mfereji wa bati. Mama Faidha anakidai tangu Faidha ananyonya, na sasa Faidha kaolewa. Anasema magoti yamemwisha kwa kushuka bondeni na ndoo. Anasema majirani wote wanavyo. Mwaka huu ameuza korosho zake mwenyewe, akanunua saruji yake mwenyewe, na mifuko imepangwa chumbani hadi nalala nimebanwa ukutani. Mvua zinakuja mwisho wa mwezi. Shimo lisiposakafiwa kabla ya hapo, basi tena hadi mwakani. Haya yote kanieleza mara nyingi mno, kana kwamba mimi ni mgumu wa kuelewa.

Nilipofika kina cha kiuno, sururu iligonga kitu. Mfupa! Nikafukua kwa mikono. Mifupa mingi, imelala kwa mpangilio, miguu imekunjwa. Fuvu kwa bahati mbaya ndilo lililogongwa na sururu, limekuwa vipande. Na shingoni je? Kengele! Kengele ndogo ya chuma, imeliwa na kutu.

Nilikaa ukingoni nikawaza. Nani huvaa kengele shingoni? Mtu anayetaka watu wampishe njia. Chifu!

Niliufunika mwili kwa shuka jeupe la Mama Faidha, lile la wageni. Kisha nikapanda juu na kuitupa sururu. Mambo ya kisima yamesimama, sasa ni akiolojia.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama Faidha hakufurahi. Nilimweleza kwa lugha nyepesi, akauliza chifu ataondoka lini. Nikasema sayansi haiendeshwi mbio. Akauliza kama chifu atamchotea maji. Alitaka kufunua shuka aone mwenyewe, nikamzuia. Marehemu hafunuliwi hovyo, hata awe wa kale namna gani. Akachukua ndoo akaenda zake. Naona amenielewa.

Leo nimefanya utafiti. Mbavu ni nyembamba: chifu alikuwa mwembamba. Miguu ni mifupi: watu wa kale walikuwa wafupi, hilo liko wazi. Jambo moja lilinisumbua hadi nikakosa hamu ya chai. Kipande cha taya la juu hakina meno ya mbele hata moja, wala matundu yake. Nikawaza sana. Bibi zetu walitoboa midomo wakavaa ndonya, wakachanja nyuso. Basi kabla yao walikuwepo waliong'oa meno ya juu kwa urembo! Hakuna aliyewahi kusema jambo hili. Veridiana na michoro yake akae pembeni.

Taya la chini nimelifunga kwenye leso, liko mfukoni. Nikilala nalilalia.

Jumatano, 13 Novemba

Kero imekuja. Ambrosi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Msiba ukiwa kwetu yeye anakuja kucheka, kukejeli waombolezaji na kubeba anachotaka, na ukiwa kwao tunafanya sisi. Siku zisizo na msiba ananifanyia mazoezi.

Alikuja ananuka uraka, ile pombe ya mabibo, akasimama ukingoni. Akauliza ni nani amelala pale kwenye shuka. Nikasema ni siri ya kitaalamu. Akainama akanusa, akasema kitaalamu hakunuki kitu. Nikaona bora nimtumie kuliko nimfukuze. Nikamwambia Ijumaa natoa mhadhara wangu mwenyewe hapa Newala, ili sifa zifike Masasi kabla yangu, aje na watu. Akaahidi atajaza ukumbi. Akanishika bega, akasema jambo kubwa kama hili haliwezi kuachwa lipite kimya.

Nilishangaa wema wake. Labda watu hubadilika.

Ijumaa, 15 Novemba

Mhadhara wangu! Ulianza baada ya swala ya alasiri. Viti nilipanga mwenyewe, mazoea mabaya. Ambrosi alitimiza ahadi: watu wa sokoni, wanakwaya wenzake, na ndugu zangu wa ukoo kutoka Makote ambao sikuwaalika. Mama Mkubwa Stamili, dada wa marehemu mama yangu, alikaa mbele kabisa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye kengele iliyokuwa mezani.

Nilizungumza vizuri mno. Niliipiga ile kengele ili wasikie mlio waliousikia raia wa kale. Niliposimulia meno yaliyong'olewa kwa urembo, ukumbi uliguna. Kila kitu kilikwenda sawa hadi Veridiana, aliyefunga safari kutoka Masasi kuja kunipeleleza, akanyoosha mkono. Kwa ile sauti yake ya darasani akauliza ninajuaje kwamba huyu alikuwa chifu. Na kama alikuwa chifu, chifu wa nani? Machifu wana watu wao, na watu wana ukoo.

Ningeweza kusema sijui, lakini hiyo ni mbinu yake, siwezi kumwiga. Nikasema najua kwa sababu ni damu yangu. Amelala kwenye ardhi ya upande wa mama yangu. Nikapiga meza: huyu ni mjomba wangu!

Mama Mkubwa akaangua kilio. Wanawake wakavuta khanga vichwani. Ambrosi akasimama, akavua kofia, akaja hadi mbele akanipa mkono. "Pole sana, njomba," akasema, kama tunavyoitana huku kusini. "Mungu akutie nguvu." Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Hata Veridiana alinipa pole, ameuma mdomo kabisa. Wivu ule! Sijawahi kupewa mikono mingi namna hii maishani mwangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeamshwa na kilio. Nikadhani naota. Nikafungua dirisha: wanawake wa ukoo wamekaa kwenye mikeka kuzunguka shimo, Mama Mkubwa katikati, wanamlilia kaka.

Nikatoka nikaamkia. Kwa adabu nikauliza kaka yupi. Mama Mkubwa akanishangaa. Akauliza mjomba wangu mimi ni nani kama si kaka yake yeye? Kaka yake amelazwa shimoni wiki nzima chini ya sanda, hajazikwa, na mpwa wake mwenyewe anazunguka na kengele yake kwenye mikutano. Tangu lini mambo hayo yakafanyika kwetu?

Nikajaribu kueleza kwamba mjomba wa kisayansi si sawa na mjomba wa msibani. Akanikata. Akataka jibu moja mbele ya watu: ni mjomba wangu au si mjomba wangu? Kwenye mikeka nilimwona binamu yake Veridiana, ametega masikio yote mawili. Nikisema siye, kabla ya mchana Masasi nzima itajua. Nikasema ndiye.

Basi mpwa ndiye mwenye msiba, akasema Mama Mkubwa. Mpwa alishe watu.

Wakaja. Wa Makote, wa Chiwata, wa kila mahali ambako ukoo umewahi kuoa. Jamvi likatandikwa. Kuku wa Mama Faidha wakachinjwa mmoja mmoja hadi jogoo akabaki anaita peke yake, naye akafuata. Pipa la maji alilolijaza wiki nzima lilikwisha adhuhuri haijafika, maana watu walinawa, walikunywa, walipika, walinawa tena. Mama Faidha alishuka bondeni na ndoo, akapanda, akashuka tena. Nilimwambia ajikaze, msiba ni wa wote. Hakunijibu. Nadhani ni majonzi.

Jumapili, 17 Novemba

Mazishi. Dini ilileta mzozo. Sheikhe alituma salamu kwamba hamjui marehemu wala dini yake, tumwie radhi. Ambrosi akajitolea kuleta kwaya, nikakataa katakata. Mama Mkubwa akaamua kwamba kama dini zote mbili hazimjui, mjomba atazikwa kwa kunyunyiziwa unga wa mtama kama walivyofanya wazee.

Nikapendekeza, kwa unyenyekevu, tumhamishie makaburini ili shimo libaki. Mama Mkubwa akasema mtu aliyelala mahali pake miaka yote hiyo hahamishwi kupisha ndoo.

Udongo ukiwa tayari kurudishwa, Ambrosi akarukia shimoni. Akalala kando ya shuka, mikono kifuani, akafumba macho. Hatoki! Alisema mjomba amemnong'oneza kwamba chifu halali kwenye udongo mtupu kama muhogo. Anataka kujengewa. Anataka saruji. Na ameambiwa ipo humu humu nyumbani, chumbani, ukutani.

Watu walicheka hadi wakashikana. Lakini ombi la mtani akiwa ndani ya kaburi si la kuchezea. Ukimnyima, ni aibu ya ukoo mzima, na Mama Mkubwa alishaanza kunikazia macho. Nikamtazama Mama Faidha. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, amenyoosha mikono huku na huku. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba Faidha, sema basi."

Niseme nini? Dokta Huruma anakuja Jumamosi! Nikatazama mfereji wa bati. Vijana wa ukoo wakapita chini ya mikono yake, wakatoka na mifuko.

Kaburi ni zuri, lazima nikiri. Limejengewa pande zote, limesakafiwa juu, limelainishwa. Mifuko iliyobaki Ambrosi aliikokota kwake kwenye mkokoteni, fungu la mtani. Kengele imezikwa na mwenyewe. Lakini taya ninalo mfukoni. Sayansi imeokoka!

Jumanne, 19 Novemba

Mama Faidha amehamia chumba cha Faidha na mkeka wake. Sasa nalala kwa nafasi, mifuko hakuna, mke hakuna. Nautumia utulivu huu kufanya mazoezi ya mhadhara mbele ya kioo. Nimeandaa mahali ambapo nasimama kimya kwa hisia, nikitazama mbali. Dokta Huruma bila shaka atataka kunichukua Dar es Salaam. Nitakataa mara ya kwanza.

Jumamosi, 23 Novemba

Masasi.

Dokta Huruma ni msichana! Nilitarajia mzee mwenye mvi na miwani. Amevaa raba, anacheka na kila mtu, amenisaidia kubeba viti. Nikajua hapo hapo hana uzoefu.

Veridiana alitangulia. Alileta vigae vya vyungu alivyookota na wenzake huko kwao Lupaso. Alikuwa amezunguka kwa akina mama wafinyanzi akilinganisha mapambo ya zamani na ya leo. Akasema mapambo mengine yanafanana, mengine hajui. Hajui! Mara ngapi? Makofi.

Zamu yangu. Nilisimama kwa hisia. Nilitazama mbali. Nilieleza chifu, wembamba wake, ufupi wake, urembo wa meno, majonzi ya ukoo. Kisha nikafungua leso. Ukumbi mzima ulinyoosha shingo.

Dokta Huruma akaomba kulishika taya. Akaligeuza mara moja tu. Akauliza kama taya la juu halina meno ya mbele kabisa. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndio ugunduzi wenyewe! Akauliza kama mifupa yote ilikuwa pamoja. Yote. Ilikuwa na alama za kisu? Hata moja, nikasema, chifu alikufa kwa amani. Halafu akauliza, kwa upole mno, kama nyumba hiyo imekuwa ya Waislamu tangu zamani. Nikajibu kwa fahari kwamba ni ya Waislamu tangu babu.

Basi, akasema, huyu ni mbuzi. Mzee, meno yamesagika. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ndivyo alivyoumbwa. Atakuwa alikufa kibudu, na kwa kuwa kibudu hakiliwi, wenye nyumba wakamzika mzima mzima na kengele yake. Akaongeza kwamba ni jambo zuri kulijua, linaeleza maisha ya watu wa nyumba ile.

Kisha kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya mbuzi anayemwita mwanawe. Ambrosi! Alisafiri kutoka Newala kwa ajili hiyo tu. Akasimama, akavua kofia. "Pole tena, njomba," akasema.

Nilijitetea. Nilimuuliza Dokta kama sayansi imewahi kufikiria kwamba huenda machifu wa kale walifanana na mbuzi. Alifikiri kidogo, namshukuru kwa hilo. Akasema hapana.

Veridiana ndiye mhadhiri wa kudumu. Mimi nilibaki kukusanya viti. Mzee Nikolao alisema ninavipanga vizuri, akasema sana, akanipiga mgongoni.

Jumapili, 24 Novemba

Mama Faidha alikwenda Makote alfajiri akarudi na Mama Mkubwa Stamili. Ambrosi akajileta. Nikajua ni kikao.

Nilidhani Mama Mkubwa atacheka, maana wote wanacheka. Hakucheka. Alisema yeye hakumlilia mbuzi. Alimlilia kaka yake aliyevuka Ruvuma akiwa kijana, asiyerudi, asiye na kaburi popote. Niliposema ukumbini kwamba nimempata mjomba kwenye ardhi yetu, alijua akilini kwamba haiwezekani, lakini moyo ulimwambia labda. Kwa siku sita alikuwa na kaburi la kaka yake. Akafuta macho kwa pindo la khanga.

Nikakohoa.

Kisha akatoa sharti. Niwaite watu wale wale, uani pale pale, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya, kwamba huyu si mjomba, ni mbuzi. Nikisema hivyo, ukoo utalifungua shimo. Ambrosi akasema yeye atarudisha mifuko yote iliyobaki na atakuja na sururu yake, kuchimba na kusakafia, maana utani una mipaka na mvua haina. Akasema hivyo bila kucheka. Ukiona hata Ambrosi ameacha kucheka, ujue mambo yameharibika.

Mama Faidha akanitazama. Hakuwa amenitazama tangu mazishi. "Maneno mawili tu, Baba Faidha," akasema. "Ni mbuzi. Basi."

Nikawaza. Maji kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili, mimi, nimesimama uani kwangu, Makote nzima inanitazama, nikitamka neno mbuzi. Binamu ya Veridiana mstari wa mbele. Nikawaambia mtafiti hakanushi matokeo yake kwa shinikizo. Nikasema maoni ya Dokta mmoja wa raba si mwisho wa mjadala.

Mama Mkubwa akainuka, akakung'uta khanga. Akasema basi mjomba alale salama. Ambrosi akaondoka naye, akimshika mkono mtelemkoni. Mama Faidha alibaki amekaa, mikono mapajani, anatazama kaburi. Alikaa vile hadi nikaona vibaya, nikaingia ndani kusoma.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua!

Ya kwanza ya msimu, kubwa, ya kupasua mabati. Maji yalishuka kwenye mfereji kama ng'ombe waliofunguliwa, yakapiga kwenye saruji ya mjomba, yakateleza, yakakata uani, yakaenda zake barabarani. Saruji ni imara. Hata tone halikuingia.

Mama Faidha alitoka na sufuria, mabeseni, ndoo, bakuli la kunawia, hadi kikombe changu cha chai. Alivipanga juu ya kaburi, akasimama kwenye mvua akivibadilisha kila kimoja kilipojaa. Kwa jirani kushoto nilisikia maji yanaingia kisimani, mlio mzito wa maji yaliyofika. Kwa jirani kulia vilevile. Mvua ilipokatika alikuwa na maji ya siku mbili na nguo zimemganda mwilini. Nikamwambia kwa kumfariji kwamba umbo la kaburi linafaa sana kupangia mabeseni. Akaniuliza kama nitaandika hilo pia.

Naliandika. Ni hoja nzuri.

Jumapili, 1 Desemba

Nimerudi ulingoni! Mzee Nikolao amenipigia simu. Jumuiya inapeleka mihadhara vijijini, wa kwanza ni Chiwata, Jumamosi ijayo. Veridiana ana safari. Wanahitaji mtu wa kuziba pengo na kupanga viti, kwa hiyo wakanikumbuka. Nilimwacha asubiri kidogo kwenye simu, asidhani nina njaa ya jukwaa. Kisha nikakubali.

Mada nimechagua mwenyewe. Sitaki tena mifupa, mifupa ina wapinzani wengi. Nitazungumza juu ya hekima ya mababu katika kuvuna maji ya mvua. Ni jambo linalogusa watu wa huku juu, na nina hakika hakuna aliyelitafakari kama mimi. Nimeshaandika utangulizi wenye nguvu: mzee wa kale alipoona wingu, tayari shimo lake lilikuwa limekwisha. Hakungoja. Hakuwa na visingizio. Nimeusoma kwa sauti mbele ya kioo, nimesisimka mwenyewe. Nikifika mahali pa visingizio nitapiga meza.

Koo limenikauka kwa mazoezi. Nimemwita Mama Faidha aniletee maji ya kunywa. Haitiki. Nimekwenda jikoni: pipa tupu, mtungi mtupu, ndoo hazipo. Kashuka bondeni tena, saa hizi, jua hili, wakati anajua nina kazi ya kichwa. Mvua imenyesha juzi tu na leo nyumba haina maji! Yule mwanamke hajui kupanga mambo. Nitaliweka hilo kwenye mhadhara, bila kumtaja jina: mababu zetu walifanikiwa kwa sababu walioa wanawake wanaoona mbali.